Kiganja kwenye Kioo cha Jikoni

Babu yangu, Fundi Bayumi, alikuwa mpole mpaka umguse kwenye mambo mawili. La kwanza, mtu kuunga nyaya akaziacha wazi bila tepu. La pili, mtu kuzima taa ya chumba ambacho mwenzake bado yumo. Hilo la pili hakulifanyia mzaha. Ukibonyeza swichi tu, hata kwa kupitiwa, ungemsikia kutoka ukumbini, "Nani huyo? Kwani tuko vitani?" Sisi wajukuu tulikuwa tunazima makusudi ili tumsikie akifoka, halafu tunakimbilia ngazini tukicheka.

Mimi ni Hanadi, mtoto wa kwanza wa mwanawe Ayman, na nimekulia ghorofa ya juu ya nyumba yake hapa Ismailia, katika kichochoro ambacho kila mtu anajua jana ulipika nini. Wengine hurithi mashamba kwa babu zao. Mimi nimerithi testa ya umeme, koleo na mdomo, ingawa mdomo wanasema nimeutoa kwa Bibi Inshirah, mkewe, wala si kwake.

Babu alistaafu idara ya umeme ya mji nikiwa bado shuleni. Wakampa saa ya ukutani na keki. Kichochoro hakikuipokea taarifa hiyo. Jirani yetu wa mbele, Mama Sabri, aliendelea kuteremsha kikapu chake kwa kamba kutoka roshani, ndani yake pasi, au feni, au redio ya marehemu mumewe, huku akipaza sauti hadi kwa muuza maharage kule mwisho.

"Fundi Bayumi! Pasi imekufa!"

"Imekufa au imezimia?"

"Kwani mimi daktari? Tangu jana haina joto."

"Basi hiyo ni maiti. Teremsha na chai, msiba hauendi mkavu."

Kikapu kikapanda, kikashuka tena na glasi ya chai. Chai ya Mama Sabri ilikuwa na sukari yote ambayo Bibi alimpiga Babu marufuku, na nina hakika nusu ya vyombo vya mama yule viliharibika kwa makubaliano. Bibi alilijua hilo. Alikuwa akifunga dirisha kwa kishindo kila akiona kamba inateremka, kisha anasimama nyuma ya pazia kuangalia kama Babu anakunywa yote.

Babu alikuwa na mazoea mengine ambayo mafundi wenzake waliyacheka. Akimaliza kutandaza nyaya za nyumba, hakuwasha yeye. Alifunga boksi, akapangusa mikono, akasema aitwe mama mwenye nyumba. "Bismillahi, mama, washa wewe." Akina mama wakaja na unga mikononi, na watoto wachanga mabegani. Mmoja aliogopa kupigwa shoti, akakataa katakata. Babu akaketi juu ya sanduku lake la vifaa akamsubiri, ingawa mume wa yule mama alikuwa amesimama palepale ananung'unika kwamba na yeye ana vidole.

Sasa nije kwenye kioo, maana bila kioo humjui babu yangu.

Dirisha la jiko letu lilikuwa la mbao, lenye vioo vinne. Vitatu vilikuwa vioo kama vioo vingine. Cha nne, kile cha chini upande wa sinki, kilipakwa buluu ya kufulia nguo nyeupe, iliyokorogwa na gundi, na katikati ya buluu hiyo palikuwa na kiganja cha mtu. Kiganja kizima cha mkono wa kulia, vidole vimetanuka, mistari yote inaonekana. Babu alikuwa amekipaka vanishi juu yake ili kisibanduke. Hakuna aliyeruhusiwa kukisugua. Bibi alikipangusa kwa kitambaa kikavu, polepole, anavyopangusa uso wa mtoto mgonjwa.

Kilikuwa kiganja cha Rifaat, kaka yake Babu. Hivyo tuliambiwa, na hivyo tuliwaambia wageni.

Miaka ile ya vita, nyumba zote za mji huu zilipaka vioo vyake buluu ili ndege zisione taa. Kwetu alipaka Rifaat, kijana wa utani mwingi. Alipofika jikoni brashi ikawa imechakaa, akamalizia kwa mikono, na kioo cha mwisho akakipiga kiganja kikiwa kibichi. Mama yao, Bibi Zakiya, akamjia juu na mwiko.

"Umenichafulia kioo!"

"Si uchafu, mama. Fundi lazima atie sahihi kazi yake."

Babu, aliyekuwa mdogo, alipewa kazi ya kupita kichochoroni jua likizama akipiga kelele, "Zima taa! Zima taa!" kwenye kila nyumba iliyoacha mwanya. Alikuwa na sauti. Aliipenda sana kazi ile, alituambia, wanawake wazima wakikurupuka kuzima kwa amri yake. Alikuwa akilisema hilo kwa aibu, hata baada ya kuota mvi.

Kisha mabomu yakazidi na mji ukahamishwa. Bibi Zakiya na jirani zake waliishia kwenye darasa la shule katika kijiji kimoja cha mkoa wa Sharqiya, shuka likiwa pazia kati ya familia na familia. Rifaat akaitwa jeshini. Akavuka Mfereji wa meli kwenda upande wa adui na wenzake wachache, na hawakurudi. Hapakuwa na mwili, wala kaburi, wala hata kofia. Bibi Zakiya akabaki na masimulizi yake: jinsi Rifaat alivyokuwa akicheka mwenyewe kabla ya kumaliza utani, jinsi yeye mama alivyokuwa akimpiga kibao mwanawe kila akitia mkono wa kushoto kwenye sahani, jinsi alivyomwachia mkono wake kwenye kioo. Baba yangu anasema aliyasikia hayo mpaka akawa anayaota.

Vita vya Oktoba vilipoanza, Babu naye alikuwa askari, kikosi cha mawasiliano. Hadithi yake ya vita ilikuwa fupi na haikubadilika. Alivuka kwa mtumbwi wa mpira na gurudumu la waya wa simu mgongoni, waya ukijifungua nyuma yake majini, na alipofika ng'ambo akaunganisha simu, akazungusha mpini wake, akasikia mtu wa upande wa pili akiuliza kama huko waliko kuna chai. Tukicheka, na yeye alicheka, hadithi ikaishia hapo. Yaliyobaki alimwambia Bibi peke yake, na Bibi akaniambia mimi: kwamba alipokuwa akivuta waya mchangani, na risasi zikipita, alikuwa akitazama chini zaidi kuliko mbele. Alikuwa akitafuta kitu cha kaka yake. Mkanda, kikombe, chochote kile cha kumpelekea mama.

Watu waliporuhusiwa kurudi mjini, Babu alitangulia ili aitengeneze nyumba. Ilikuwa imepigwa. Ngazi ilikatika, na dari ya chumba cha wageni ilikuwa kitandani. Lakini Bibi Zakiya alipofika na mafurushi yake ya nguo, kioo chenye kiganja kilikuwa mahali pake, kizima. Kichochoro kizima kikaja kutazama. Wakasema ni muujiza. Bibi Zakiya akatua mafurushi. Alikaa mbele ya kioo kile kwa muda mrefu, kisha akanyanyua mkono wake, akaufunika juu ya ule mwingine.

Siku hiyohiyo Babu alimwambia awashe taa. Alikuwa amezivuta nyaya mwenyewe. Bibi Zakiya akaweka kidole kwenye swichi, akageuka kwanza kutazama dirishani.

"Hawatatupigia kelele?"

"Hakuna wa kupiga kelele, mama. Aliyekuwa akipiga kelele ni mimi."

Akawasha. Tangu siku hiyo, nyumba yoyote iliyopitia mikononi mwa Babu iliwashwa na mwanamke wake.

Na kila asubuhi mpaka alipokufa, Bibi Zakiya aliingia jikoni, akaweka kiganja juu ya kiganja, akasema, "Asubuhi ya heri, mwanangu." Baba yangu alikua akiliona jambo hilo. Babu alikuwa hapohapo mezani na chai yake, kabla ya kwenda kazini. Baadaye tulipozaliwa sisi, Babu alitubeba mmoja mmoja akatupima kwenye kioo kile. "Weka mkono. Bado. Kula maharage." Mkono wake yeye sikuwahi kuuona pale. Nilidhani ni heshima kwa marehemu.

Miaka miwili iliyopita Babu alianza kukohoa. Upepo wa baridi ulikuwa unapenya kwenye mbao za madirisha, zilizooza kiasi kwamba unaweza kuzichoma kwa kijiko. Baba akaamua kuyabadilisha yote yawe ya alumini, na kwa kuwa alijua Babu atabishana mpaka kiangazi, akachagua siku ambayo hayupo. Kila Oktoba Babu na wenzake waliobaki wa kikosi chao walivuka na pantoni kwenda upande wa mashariki. Huko wakasoma Fatiha, wakala samaki, wakagombana kuhusu nani alikuwa wapi siku gani, wakarudi.

Basi Babu akaondoka asubuhi na kofia yake nzuri, na Fundi Karam wa alumini akaingia. Baba alimkalisha kitako. "Haya yote toa. Kioo hiki cha buluu kitoe taratibu, kiweke kando, nitakitafutia fremu. Ukikivunja, usinione tena." Karam akakitoa kama anatoa yai chini ya kuku. Akakiegemeza ukutani karibu na mlango. Kisha akaegemeza fremu nzee juu yake, na nyingine juu ya hizo, kwa sababu hakukuwa na nafasi. Baba akapanda juu kusimamia madirisha ya vyumbani.

Shangazi yangu Awatif alikuwa amekuja kusaidia usafi. Shangazi akisafisha, hata waliolala huogopa. Akakuta lundo la mbao mlangoni, na nje anapita Mabruk na mkokoteni wake wa punda, kipaza sauti kinalia, "Chakavu! Chakavu! Nani ana chakavu?" Shangazi akampa lundo zima, akapewa beseni jekundu la plastiki, akaloweka nguo ndani yake, akaona siku imemwendea vizuri.

Baba aliposhuka akauliza, "Kioo kiko wapi?"

"Kioo gani?"

"Kilichokuwa nyuma ya fremu, Awatif! Mkono wa Baba Mkubwa Rifaat!"

Shangazi akashika kichwa. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko sinki. Nilimwona baba yangu, mwalimu wa hesabu, mtu asiyetoka bila kuchana nywele, akitoka mbio na kandambili zisizofanana. Nikamfuata. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: Babu anarudi na pantoni ya alasiri, na tulichokuwa nacho cha kaka yake duniani kiko juu ya mkokoteni wa punda, chini ya jokofu la mtu.

"Mmemwona Mabruk?" Baba aliwauliza wazee wa mkahawani.

"Kapita. Vipi, mwalimu, umeuza nini?"

"Mkono wa Rifaat!"

Wazee wakaacha dhumna zao. Sikuwahi kuona watu wale wakisimama kwa jambo lolote, hata mpira. Mama Sabri akapiga kelele kutoka roshani kwamba amemwona akikata kulia. Muuza maharage akasema kushoto. Tukagawana njia. Nyuma yetu Shangazi alikuwa anakuja na beseni lake kichwani, analia na kujilaani, nguo zilizolowekwa bado zimo, maji yanamwagika mgongoni kwake, kwa sababu hakukumbuka kuzitoa.

Tulimpata Mabruk kando ya mfereji wa maji matamu, anamnywesha punda. Baba alirukia mkokoteni bila salamu akaanza kutupa mabomba.

"Wee mwalimu! Shetani gani kakupanda?"

"Kioo! Kioo cha buluu!"

"Si useme? Huko hakipo." Mabruk akanyanyua mto wa kiti chake. Kioo kilikuwa chini yake, kimefungwa kwenye gunia. "Nilipokiona nikajua hiki hakikuja kwangu kwa akili timamu ya mtu. Nilikuwa nakirudisha jioni. Pembeni kina ufa, lakini ufa huo nimeukuta." Kisha akamtazama Shangazi. "Beseni langu mnarudisha?"

Shangazi akalipindua beseni palepale, nguo zote chini, akampa.

Tuliporudi, Babu alikuwa ameshafika. Ameketi mezani jikoni, kofia bado kichwani, anatazama dirisha jipya. Bibi yuko kwenye sinki ametugeuzia mgongo, anachambua mboga ya majani ya mulukhiyya. Alikuwa hajamwambia Babu kitu. Baba akasimama mlangoni na gunia mikononi, kandambili zake mbili tofauti, na akaanza kulia kama mtoto. Sikuwahi kumwona akilia.

"Baba, nisamehe. Nilitaka usipate baridi. Nilisema kiwekwe kando. Kimepata ufa, lakini mkono ni mzima. Mkono wa Baba Mkubwa ni mzima."

Babu akatutazama mmoja mmoja: mimi natweta, Shangazi amelowana, wazee wawili wa mkahawani nyuma yetu.

"Mmetoka mbio wote kwa ajili ya hiki?"

"Si ndicho pekee tulicho nacho?"

Babu akageukia mlangoni. Akawaambia wale wazee kwa upole waende, chai yao itakuja. Akakipokea kioo, akakilaza mezani, akafungua gunia. Akakaa nacho. Nilidhani anatafuta ufa.

"Ayman, kaa," akasema. "Kaeni. Siwezi kufa nikiwaacha mnamkimbilia punda kwa ajili ya uongo wangu."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaulaza juu ya kiganja. Ukaingia. Vidole vikalala kwenye vidole, hata kovu lake la utotoni chini ya dole gumba likalala juu ya mstari wake. Haukubaki ukingo hata kidogo.

Babu alizungumza akiwa ameinamia meza.

"Nilifika kabla ya mama. Jiko halikuwa na kioo hata kimoja. Nilikuwa nakanyaga buluu sakafuni. Nikakaa chini nikaokota vipande, nikajaribu kuvipanga. Mkono haukupatikana. Na kule darasani kila mtu alikuwa anamsikia mama, kila siku neno lilelile, 'Nikifika nyumbani nitauona mkono wa mwanangu.' Sikumletea mkanda wala kikombe. Ningemwambia hata mkono haupo?" Akapitisha kidole kwenye ule ufa. "Nikatafuta kioo. Nikakoroga buluu. Nikapiga wangu. Akauamini. Akawa anausalimia kila siku, na mimi nimekaa hapahapa nakunywa chai, naona aibu, nasema kesho nitamwambia. Akafa. Nimedanganya mama yangu mpaka kaburini, Ayman. Nimewasha taa mji mzima, mama yangu nikamwacha gizani."

Sauti ilitoka kwenye sinki.

"Umemaliza, Baba Ayman?"

"Nimemaliza."

"Rifaat alikuwa wa kushoto."

Babu akageuza shingo. "Nini?"

"Kula alikula kwa kulia, kwa hofu ya vibao vya mama yenu. Lakini nyundo, brashi, jiwe la kumrushia paka, vyote kushoto. Umesahau?" Bibi bado alikuwa hajageuka. "Mama yako aliniambia wiki ile niliyoolewa. Nilikuwa napangusa kioo hicho, akanishika mkono. Akaniambia, 'Taratibu, Inshirah, huo ni mkono wa mume wako. Mjinga yule kapiga mkono wa kulia, anadhani mimi siwajui wanangu.'"

Babu alikuwa amekodoa macho. "Alijua?"

"Tangu dakika aliyoingia. Alicheka akiniambia, na machozi yanamtoka. Akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ulifanya kwa mapenzi, na ungeona haya."

"Miaka hamsini, Mama Ayman! Miaka hamsini umekaa na jambo hilo?"

"Na wewe je? Umelala ubavuni kwangu miaka hiyohiyo hukuniambia. Nafua mashati yako, nakukata kucha ukiumwa, halafu unadhani sitaujua mkono wako? Tumenyamaziana, tuko sawa."

Babu akautazama mkono wake. Alipouliza tena, sauti yake haikuwa ya mzee.

"Basi kila asubuhi alikuwa anamwamkia nani?"

Hapo ndipo Bibi alipogeuka, mikono yake ya kijani imejaa majani.

"Nani alikuwa amekaa hapo anakunywa chai?"

Babu yangu alilia. Alilia kwa sauti, kofia yake nzuri ikaanguka, na baba yangu akamkumbatia kwa nyuma na kiti chake. Mimi nililia, Shangazi alikuwa hajaacha kulia tangu mferejini. Bibi akapangusa mikono, akaja akakivuta kioo kutoka chini ya uso wake.

"Lilia huko," akasema. "Buluu itatoka."

Fundi Karam alikatisha fremu ya alumini kwa ajili ya kipande kimoja cha kioo kilichopakwa buluu ya kufulia, na akasema tangu azaliwe hajawahi kufanya kazi ya ovyo kama hiyo. Babu alimlipa na chai. Baba alikuwa sahihi kuhusu upepo, kikohozi kilipungua. Majira yale ya baridi Babu alikuwa mwepesi kuliko nilivyowahi kumjua. Alikuwa akiingia jikoni asubuhi, anaweka mkono wake juu ya mkono wake, anasema, "Asubuhi ya heri, mama," kisha anakaa na chai anaisubiri iive rangi. Alikuwa na salamu za miaka mingi za kuitikia.

Alifariki majira ya kuchipua, siku chache kabla ya sikukuu ya Shamm en-Nasim, mtaa wote ukinuka samaki wa chumvi. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake na redio ya Mama Sabri magotini, imefunguliwa mgongo.

Mafundi umeme wa mji walikuja bila kuitwa. Wengi wao aliwafundisha yeye. Walifunga hema la msiba kutoka ukuta hadi ukuta, wakatundika balbu kichochoro kizima, na hawakuacha kiungo kimoja bila tepu, nilikagua. Jua lilipozama, mkubwa wao akavua kofia, akaenda mbele ya Bibi kati ya wanawake.

"Mama, bismillahi. Washa wewe."

Bibi akawasha. Kutoka roshani ya mbele kamba ikaanza kuteremka. Ndani ya kikapu mlikuwa na glasi ya chai yenye sukari nyingi. Mama Sabri alikuwa ameitia kwa mazoea, na ilipofika chini akakumbuka. Nilimsikia akilia juu kule. Bibi alikwenda akaichukua glasi ile, akainywa yote, yeye asiyegusa sukari.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mapema kutengeneza chai ya wageni. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka, na nje kumeshapambazuka. Bibi alikuwa amesimama kwenye dirisha la alumini, amenipa mgongo, kiganja chake kidogo juu ya kile kikubwa.

"Asubuhi ya heri, Baba Ayman," alisema.

Sikutaka anione. Nilirudi nyuma, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi, kwa kuwa mwanga ulikuwa umejaa na umeme unaungua bure. Nikazima.

Bibi hakugeuka, wala hakuutoa mkono wake kwenye kioo.

"Nani huyo?" akasema. "Kwani tuko vitani?"

Nikawasha.